Diwani na Shida za Kitongoji: Neno Hupita Njia Gani?

Wasomaji wetu, twapenda leo kuwaeleza jambo ambalo kila mtu hulisema, lakini wachache hulijua vema. Mtu akiona kalavati limebomoka, au pampu ya kisima imekufa, au takataka zimejaa nyuma ya soko, amwambie nani? Na neno lake litapita njia gani hata lifike penye fedha na mafundi? Wengi hujibu upesi, "Diwani yupo." Naam, diwani yupo, lakini diwani si fundi, wala hana sanduku la fedha za barabara nyumbani kwake. Asiyeijua kazi yake humlaumu kwa yasiyo yake, akamsamehe kwa yaliyo yake.

Tutachukua mfano wa Zombo. Zombo ni kata moja ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, katika nchi ya asili ya Wasagara, na kwa uchaguzi wa Bunge imo katika Jimbo la Mikumi. Jirani yake ni Ulaya. Si Ulaya ya ng'ambo, bali Ulaya ya kwetu, ambayo mtu huifikia kwa baiskeli. Kata ya shamba kama hii ina vijiji, na kila kijiji kina vitongoji. Mtaa, kwa sheria, ni sehemu ya kata za mijini, kama zile za Manispaa ya Morogoro. Sisi wa shamba hatuna mtaa, tuna kitongoji. Lakini shida ni zile zile: njia, maji, taka, mifugo, shule na zahanati.

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. Zamani za Waingereza, tangu sheria ya mwaka 1926, mambo ya wenyeji yaliamuliwa katika baraza za masultani na majumbe, chini ya macho ya Bwana Shauri. Mtu mwenye shida ya njia alikwenda kwa jumbe, na jumbe akaita watu wa kazi. Mwaka 1963, baada ya uhuru, mamlaka ya machifu katika serikali yaliondolewa, na halmashauri za wilaya zenye madiwani zikashika kazi. Mwaka 1972 halmashauri hizo nazo zilifutwa, na shughuli zao zikatiwa mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Kwa zaidi ya miaka kumi wilaya zetu hazikuwa na diwani wa kuulizwa. Hata zilipotungwa sheria za mwaka 1982, halmashauri zikafufuliwa, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Katiba ya nchi nayo inazitambua serikali za mitaa katika ibara ya 145 na ya 146. Twasema haya ili ijulikane ya kwamba diwani si mapambo. Nchi ilipata kukaa bila yeye, ikaona upungufu, ikamrudisha.

Basi sasa tuitazame njia yenyewe, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye kiongozi aliye karibu kuliko wote. Yeye huijua njia iliyokatika kwa sababu hupita hapo hapo. Ya pili ni kijiji. Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Halmashauri ya Kijiji ni watu waliochaguliwa, wasiopungua 15 wala kuzidi 25, pamoja na mwenyekiti wao. Mtendaji wa Kijiji ndiye karani wao. Lakini juu yao uko Mkutano Mkuu wa Kijiji, nao ni wa kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini. Kwa sheria, mkutano huu ndio wenye neno la mwisho katika mambo ya kijiji, nao hupaswa kukutana kila miezi mitatu, na hapo hesabu za fedha za kijiji husomwa mbele ya watu.

Hatua ya tatu ni kata. Hapo iko Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani; karani wake ni Mtendaji wa Kata; na wenyeviti wa vijiji vyote ni wajumbe. Katika kamati hii maombi ya vijiji hupimwa, lipi litangulie na lipi lingoje. Hatua ya nne ni wilaya, katika Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Huko hukutana madiwani wa kata zote, na madiwani wanawake wa viti maalum, na wabunge wa majimbo. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ni katibu wao. Baraza hili hupitisha mpango wa mwaka na hesabu ya mapato na matumizi, nalo huwauliza maofisa habari za kazi zao.

Hiyo ndiyo njia. Msomaji ataona ya kwamba diwani anasimama katikati yake: huku ana wanakijiji, huku ana baraza. Kazi yake ni kuchukua neno la huku na kulifikisha huku, tena kurudi na jibu. Diwani anayekwenda barazani bila neno la watu ni mtu mmoja tu mwenye maoni yake. Diwani anayekwenda na karatasi ya mkutano wa kijiji, yenye tarehe na mhuri na idadi ya waliohudhuria, amebeba kijiji kizima mkononi.

Juu ya karatasi hiyo twataka kusema kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi huharibika. Sisi tulipata kuketi katika mkutano wa kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja. Watu walilalamika kwa uchungu juu ya kalavati lililochukuliwa na maji. Mzee mmoja alisema, "Hii ni mara ya tatu tunasema, na serikali haisikii." Mvua za masika zilizotangulia, mama mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa mabegani na wanaume wanne wakivuka maji ya kifuani kwenda zahanati. Alivuka salama, lakini kila mtu mkutanoni alijua ya kuwa masika mengine yanakuja. Mkutano ulipokwisha tuliomba kuliona daftari la mihtasari. Tulifungua kurasa za mikutano miwili ya nyuma. Katika wa kwanza, shauri lote la kalavati lilikuwa limeandikwa maneno mawili: "Mengineyo: barabara." Katika wa pili halikuandikwa kabisa. Basi serikali ingesikia nini? Neno lilikuwa limekufa hatua chache kutoka kinywani mwa mzee, kabla halijatoka katika kijiji chake.

Lingeandikwaje? Hivi: "Kalavati lililo baina ya kitongoji fulani na zahanati limebomoka upande mmoja tangu mwezi fulani. Maji yakijaa, wagonjwa na watoto wa shule hawavuki. Mkutano umeomba litengenezwe kabla ya masika. Wanakijiji wako tayari kuleta mawe na mchanga. Mwenyekiti wa kitongoji atafuatilia na kuleta jibu katika mkutano ujao." Maneno haya ni machache, lakini yana mahali, yana wakati, yana hasara, yana msaada wa watu wenyewe, na yana mtu wa kuulizwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na shida bila daftari ni vivyo hivyo. Walimu, ninyi mnaoshika kalamu kila siku, hapana msaada mkubwa kuliko huu mnaoweza kumpa mtendaji aliyezidiwa na kazi: mwandikieni vizuri.

Jambo la pili la kujua ni kwamba si kila kazi ni ya halmashauri. Zamani barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa halmashauri yenyewe. Tangu mwaka 2017 zimewekwa chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Na barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Vivyo hivyo maji ya vijijini: tangu mwaka 2019 yako chini ya RUWASA, na miradi yenyewe huendeshwa na vyombo vya watumia maji, ambavyo wanakijiji huwachagua viongozi wake. Kwa hiyo diwani hawezi kumwamuru fundi wa barabara aje kesho asubuhi. Awezalo ni kuwaita wakuu wa wakala wa wilaya waeleze mbele ya baraza: barabara gani za kata yangu zimo katika mpango wa mwaka huu, zipi hazimo, na kwa nini? Shule za msingi na za sekondari, zahanati, masoko na usafi vimebaki kuwa kazi za halmashauri, na huko ana haki ya kuuliza kwa nguvu zaidi.

Asije mtu akadhani kwamba barabara hizi ni zawadi. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kila apandaye pikipiki kwenda sokoni, na kila anunuaye chumvi iliyoletwa kwa gari, amechangia. Ana haki ya kuuliza, naye diwani ana wajibu wa kujibu.

Jambo la tatu ni majira. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wake hutungwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika wilayani mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha haribu, limekuta chungu kimeshateremshwa mekoni. Kijiji chenye busara huyapanga maombi yake kabla mwaka wa kalenda haujaisha, ili Kamati ya Kata iyapime na diwani ayabebe kwa wakati. Kama vile mkulima hasubiri mvua ndipo atafute jembe, ndivyo na mwombaji wa kalavati.

Jambo la nne: yako mambo yasiyohitaji fedha za mtu yeyote. Ng'ombe na mbuzi wanaokanyaga chanzo cha maji. Takataka zinazotupwa mferejini hata maji yakaingia majumbani. Njia ya miguu iliyolimwa na mwenye shamba jirani. Kwa haya sheria imevipa vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya Kijiji huandika, Mkutano Mkuu husikilizwa, kisha Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Hapo diwani ni mtu wa thamani kubwa, kwa sababu yeye huifuata karatasi huko wilayani isilale kabatini. Lakini sheria ndogo isiyotungwa na wanakijiji, diwani ataifuata wapi?

Pengine msomaji atasema, kalavati moja ni kitu gani? Na atazame mji wake wa Kilosa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, tuta la kuuzuia likabomoka, maji yakaingia mjini. Maelfu ya watu walikaa katika mahema, na reli ya kati ikaharibiwa vibaya hata safari za treni zikakatika kwa miezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wa Kilosa hawahitaji kuambiwa methali hiyo na mgeni.

Sasa tuseme neno kwa kila mmoja. Mheshimiwa diwani: usirudi kutoka barazani kimya. Hata jibu likiwa "mwaka huu hapana," lilete mkutanoni ulitamke, maana watu huweza kuvumilia kukosa, lakini hawawezi kuvumilia kutojua. Wenyeviti na watendaji: iteni mikutano kwa tarehe yake, na someni muhtasari wa mkutano uliopita kabla ya kuanza mambo mapya, ili ijulikane ahadi gani imetimia. Nanyi wanakijiji: kumkamata diwani njiani ukamnong'oneza shida yako si kosa, lakini mnong'ono hauna tarehe wala mhuri. Njoo mkutanoni, simama, useme mbele ya wenzako, kisha ungoje hata uone karani ameandika.

Madiwani na viongozi wa vijiji huchaguliwa kila miaka mitano, na siku hiyo watu hujipanga mstari mrefu tangu alfajiri. Lakini kura ni siku moja, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ni mara nne kila mwaka. Katika miaka mitano ni mara 20. Mtu aliyepiga kura moja na kukosa mikutano 20 asishangae kwamba kalavati lake halimo katika daftari la mtu yeyote.

Kile kijiji ambacho hatukukitaja kiliandika upya ombi lake siku ile ile, mbele yetu, kwa maneno kamili, na mwenyekiti akatia mhuri. Yule mzee hakujua kusoma. Aliomba asomewe mara mbili. Aliposikia kitongoji chake kimetajwa kwa jina, alisema, "Sasa limesemwa." Akaichukua fimbo yake akaenda zake.