Somo la Sauti: Kupima Mwangwi kwa Kompyuta

Leo tutajifunza habari za mwangwi.

Piga kofi moja katika chumba chenye kitanda na mapazia. Kisha nenda ukapige kofi lingine katika ukumbi mtupu. Chumbani sauti hufa mara moja, ukumbini hukawia.

Mnamo mwaka 1895, Wallace Sabine, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliombwa kutengeneza ukumbi ambamo wanafunzi hawakuweza kumwelewa mwalimu wao. Sauti ilikawia humo zaidi ya sekunde 5, kila neno likafunika linalofuata. Sabine aliingiza mito ya viti, na kadiri mito ilivyoongezeka, mwangwi ulipungua.

Siku hizi programu ya kompyuta huweza kuitia mwangwi sauti iliyonaswa chumbani. Tuseme umeinasa kwaya yenu. Fuata hatua hizi:

Kwanza, fikiri ukumbi mmoja, kisha pima urefu wa mwangwi wake. Kwa kwaya, sekunde 2 hivi zatosha. Kwa mtu anayesimulia, isizidi sekunde 1.

Pili, pima muda wa kungoja kabla mwangwi haujaanza. Sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mbali mita 5, sauti huenda na kurudi mita 10, yaani milisekunde 29 hivi. Weka kati ya 20 na 30, ili neno litoke wazi.

Tatu, punguza sauti nyembamba katika mwangwi, kwa maana hewa, nguo na miili ya watu huzinywa. Ukiziacha zote, mwangwi utalia kama bati.

Nne, ongeza kiasi cha mwangwi polepole mpaka uusikie, kisha urudishe nyuma kidogo. Sasa uzime ghafula. Ikiwa kwaya yasikika kama imefungiwa sandukuni, kipimo chako kilikuwa chema.

Na hili ndilo zoezi lenu. Mwite mtu asiyeujua wimbo ule, asikilize mara moja, kisha mwulize ubeti wa kwanza wasema nini. Akishindwa, punguza mwangwi, hata kama wewe waupenda. Wewe umekwisha kuyajua maneno. Yeye ndiye anayeimbiwa.