Usiisadiki Hesabu kwa Jina la Mtu

Msomaji, chukua 1, uizidishe kwa 2 mara 67, kisha uondoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika kuwa namba hii haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba yagawanyika, lakini vigawanyo vyake havikujulikana. Ndipo Oktoba 1903, mjini New York, Bwana Frank Nelson Cole alipovionyesha: 193,707,721 na 761,838,257,287. Yasimuliwa kwamba vilimgharimu Jumapili za miaka mitatu. Lakini kuvihakikisha ni kazi ya karani mmoja, kalamu na karatasi. Basi, hata aliyeandika hesabu akiwa bingwa, ihakikishe mwenyewe.