Safari ya Tanga Imeanzia Msambweni

"Tembea uone," walinena wahenga, nasi walimu wa lugha tumeirudia methali hiyo katika insha za wanafunzi hata imechakaa. Majuma haya machache nimeanza kuitilia shaka. Katika likizo ya Desemba, Mungu akipenda, nitavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro kuelekea Tanga, pamoja na mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Siku ya kuondoka bado, mizigo haijafungwa, na tayari nimepata hadithi ambayo nimekuwa nikiitafuta kwa zaidi ya miaka ishirini.

Yamkini msomaji atacheka na kusema kwamba Tanga si ng'ambo. Kwetu Kwale neno hilo limetekwa na ndege. Vijana wenye hamu ya uandishi huniambia hawana la kuandika kwa sababu hawajafika London wala Dubai. Huyasema haya papo hapo Diani, ambako wageni huja na madaftari yao, wakaketi chini ya minazi na kuandika juu yetu, hata tumezoea kuwa watu wa kuandikwa. Hali haikuwa hivyo daima. Mwaka wa 1896 Selim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake ya Kiswahili yakachapishwa mwaka wa 1901 katika mkusanyiko wa safari za Waswahili uliotayarishwa na Carl Velten.

Mimi nami nilikuwa na kosa langu. Nilipoanza kuipanga safari hii, niliorodhesha vitu vya kutazamwa: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka wa 1909. Nilimnunulia kila mtoto daftari nikawaagiza waandike kila watakachokiona. Binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, akanitazama kwa mshangao.

"Baba, mbona tungoje hadi tufike? Si Nyanya katoka huko? Tumuulize yeye kwanza."

Jioni hiyo aliketi barazani na nyanyake, daftari likiwa magotini, akamwuliza, "Nyanya, baba yako alizikwa wapi?"

Mama alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaanza kusema mambo ambayo mimi, mwanawe, sikuwahi kuyasikia.

Aliolewa Msambweni mwaka wa 1975, akitokea kijiji kimoja cha pwani katika wilaya ambayo leo yaitwa Mkinga. Siku zile kwenda kwao kulikuwa jambo la kutoka asubuhi na kufika jioni. Wadigo wako pande zote mbili, na wale Waingereza na Wajerumani waliokubaliana mwaka wa 1886 kwamba mstari wao uanzie mlango wa Mto Umba hawakumwuliza yeyote nduguye yuko wapi. Mstari huo uliuma hasa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisambaratika. Tanzania iliufunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Waliothubutu walipita kwa siri, ama msituni ama baharini kwa ngalawa.

Mwaka wa 1980 wavuvi walimletea mama habari kwamba babake amefariki dunia. Matanga yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Alitaka kwenda hivyo hivyo, lakini wazee wakamzuia, kwani alikuwa na mimba ya miezi minane, na njia za usiku hazimfai mja mzito. Mimba hiyo ndiyo mimi.

"Na mpaka ulipofunguliwa, mbona hukwenda?" mjukuu akauliza.

"Niliona haya, mjukuu wangu. Ningefika nikawaambia nini? Kila mwaka uliopita ukazidisha haya."

Msomaji, nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikizunguka baina ya Shimoni na Vanga na kinasa sauti begani, nikiwahoji wazee juu ya matamshi na msamiati wao. Nimejaza kanda, nimeandika tasnifu, nimepewa shahada ya udaktari. Nyumbani mwangu ameishi mzee ambaye sikumwuliza hata swali moja lisilohusu chakula au afya. Na wakati wote huo nilikuwa nikilalamika kwa marafiki kwamba usomi umenikausha, kwamba tangu tasnifu ile sijaweza kutunga hadithi hata moja.

Nimekirejea kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho *Kusadikika* na kukisoma upya. Wajumbe wanaosimuliwa humo walitumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini. Zamani niliwafundisha wanafunzi kwamba uzito wa safari zile umo katika yale ambayo wajumbe waliyaona. Sasa nadhani uzito umo katika sababu ya kutumwa kwao. Nchi yao ilikuwa na upungufu, nao wakaenda kuutafutia dawa. Kama nyumbani hapangekosekana kitu, masimulizi yao yangekuwa orodha ya maajabu tu.

Basi ushauri wangu kwa kijana wa Ukunda au Ramisi anayetaka kuandika, ajaliwe kusafiri ama asijaliwe, ni huu: kabla hujaulizia nauli, waulize walio nyumbani kwako ni nani aliachwa huko uendako, ni deni gani halijalipwa, ni jina gani halitajwi barazani. Ukiondoka na swali la namna hiyo, hata mtaa wa kawaida usio na mgeni wala mapiga picha utakuwa na la kukwambia. Ukiondoka bila swali, utarudi na picha ambazo wenzako wamekwisha kuzipiga.

Haya nimeyaandika kwa idhini ya mama. Orodha yangu ya vitu vya kutazamwa imefupishwa, mapango yatangoja. Siku ya kwanza tutashuka kijijini kwao, tukaulize kama yuko anayeijua sehemu ya lile kaburi. Mama amekwisha kununua ubani, ameufunga katika pindo la leso mpya, na kila asubuhi humwuliza mjukuu wake zimebaki siku ngapi. Daftari la binti yangu limejaa nusu. Langu lina mistari michache, nami sina haraka nalo tena.