Mizani ya Fosfeti katika Hodhi la Matumbawe

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na ndani ya chumvi hiyo mna kalisi ipatayo miligramu 400 na ushei, ambayo ndiyo malighafi ya mifupa ya matumbawe; lakini fosfeti iliyomo katika maji ya juu yaoshayo miamba ya nchi za joto, iwe ya Mafia na Watamu au ya Bahari ya Shamu, aghalabu huhesabiwa kwa sehemu za mia za miligramu moja. Kwa dahari nyingi matumbawe yameishi na uhaba huo, na mtu atakaye kuyatunza nyumbani mwake, katika hodhi la kioo la lita 100 ambamo samaki hulishwa kila siku na ambamo hakuna mkondo wa kuchukua taka, hana budi kujua fosfeti huingia kwa njia gani na hutoka kwa njia gani. Asiyejua hayo atanunua dawa baada ya dawa, na hodhi lake litabaki vile vile au litazidi kuharibika.

Kwanza na tuiondolee fosfeti tuhuma isiyo yake. Wengi waanzao kazi hii huambiwa kwamba fosfeti ni sumu, na kwamba hodhi safi ni lile ambalo kipimo chake husoma sifuri. Hilo si kweli. Fosfeti ni riziki: imo katika mifupa yetu, imo katika kila chembe hai ihifadhiyo urithi wa wazazi wake, na hakuna mmea wala mnyama awezaye kutumia nguvu ya chakula chake bila ya hiyo. Tumbawe lenyewe ni jamii ya vinyama vidogo vyenye minyiri, na ndani ya mwili wa kila kimoja huishi mwani wa hadubini ambao hutengeneza sukari kwa mwanga wa mchana na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya sukari hiyo. Mwani huo hauwezi kuishi pasipo fosfeti, na ukidhoofika, mwenyeji naye hudhoofika.

Ziada nayo ina madhara ya namna mbili. Ya kwanza huonekana kwa macho: mwani wa nyuzi hutanda juu ya mawe, kioo huchafuka muda mfupi baada ya kufutwa, na matumbawe yenye rangi ya zambarau au ya kijani hugeuka kuwa ya hudhurungi, kwa kuwa mwani ulio ndani yake umezidi wingi. Ya pili hayaonekani upesi: fosfeti hung'ang'ania juu ya fuwele za chokaa zinazojengwa na kuzizuia zisiendelee, hata tumbawe likawa li hai lakini halikui. Mwaka 1979 wataalamu Kinsey na Davies walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa One Tree Island, katika Great Barrier Reef ya Australia, ambako maji ya sehemu ya mwamba yalitiwa fosfeti na naitrojeni kwa makusudi. Ujenzi wa chokaa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Fosfeti iliyotumika ilikuwa takriban miligramu 0.19 kwa lita, kiasi ambacho hodhi la nyumbani laweza kukifikia kwa chakula cha siku chache tu, kama tutakavyoona.

Upungufu pia umetolewa ushahidi. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba matumbawe yaliyopata naitrojeni nyingi huku yamenyimwa fosfeti yalikuwa mepesi zaidi kupauka pale joto na mwanga vilipozidi. Hali hiyo ndiyo huletwa nyumbani na mtu ambaye, kwa hofu ya mwani, ameifagia fosfeti yote kwa dawa ilhali naitrati ingalimo kwa wingi: rangi za matumbawe hupauka, nyama huanza kurudi nyuma na kuacha mfupa mweupe, na mara nyingi juu ya mchanga hutokea utando wa hudhurungi wenye viputo, ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani uliokuwa ukikimbiwa. Kwa hodhi dogo lililochanganya matumbawe laini na ya mawe, shauri langu ni kuiweka fosfeti kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita, na naitrati kati ya 2 na 10. Walakini uthabiti una thamani kuliko tarakimu. Hodhi lililokaa miezi kadhaa katika 0.12, na matumbawe yake yanakua na kufungua minyiri, halihitaji kuharakishwa kwenda popote.

Sasa tuingie katika hesabu, maana mwenye hodhi hana tafauti na mwenye duka: asipoandika kiingiacho na kitokacho, hatajua hasara yake imetoka wapi. Chakula kikavu cha samaki kwa kawaida kina fosforasi ipatayo sehemu moja katika mia ya uzito wake. Gramu moja ya chakula hicho, basi, ina miligramu 10 za fosforasi, nazo zikiwa katika umbo la fosfeti huwa miligramu 30 na ushei, kwa sababu fosfeti ni fosforasi iliyoungana na oksijeni na uzito wake ni mara 3.066 ya fosforasi tupu. Ndani ya lita 100, gramu hiyo yatosha kukipandisha kipimo kwa 0.3, kama yote ingeyeyuka na isichukuliwe na kiumbe chochote.

Tutazame upande wa kutoa. Hodhi hilo hilo likiwa na 0.1 kwa lita, fosfeti yote iliyoyeyuka humo ni miligramu 10. Ukibadilisha lita 10 za maji, umetoa miligramu 1, ambayo hurudishwa na chakula chenye uzito wa sehemu ya thelathini ya gramu, yaani chembe chache tu zilizobanwa kati ya vidole viwili. Kubadilisha maji kuna faida nyingine nyingi, na wala simshauri mtu kuacha. Bali anayedhani kwamba kwa ndoo moja kila juma ataishinda fosfeti huku akilisha kwa mkono mpana, hesabu hiyo inamkanusha. Hali kadhalika, kuosha uduvi wa barafu kabla ya kulisha hutoa kiasi kidogo tu, kwani fosfeti nyingi imo katika nyama yenyewe wala si katika maji yake. Linalofaa ni kulisha kile kinacholiwa chote kabla hakijafika mchangani.

Mlango wa pili ni maji ya bomba. Katika miji mingi ya Uingereza maji hayo hutiwa fosfeti kwa makusudi, ili kuzuia risasi ya mabomba ya kale isiyeyuke na kuwadhuru wanywaji, na kiasi chake hukaribia miligramu moja ya fosforasi kwa lita, sawa na fosfeti miligramu 3. Madhali maji ya hodhi hukauka kila siku na chumvi hubaki, mwenye kuyajaliza kwa maji hayo lita moja kila siku huongeza 0.03 kwa siku, na kwa juma moja amekwisha kupita 0.2 bila ya kulisha hata samaki mmoja. Dawa yake ni maji yaliyopitishwa katika chujio la utando na kisha katika punje za kunasa madini, ambayo kipimo cha madini yaliyoyeyuka husoma sifuri.

Jambo la tatu ndilo lisilofahamika na wengi, nalo ni deni lililofichwa ndani ya mawe. Mawe ya mwambani na mchanga ni chokaa, na chokaa huivuta fosfeti na kuishika juu ya uso wake; maji yakiwa na fosfeti nyingi mawe huinyonya, na yakiwa na chache mawe huitoa. Kwa hiyo mtu hutia dawa, akapima jioni akaona kipimo kimeshuka, na baada ya siku tatu akapima tena akakuta kimerudi karibu na pale kilipokuwa, akadhani dawa ni hafifu au kipimo ni kibovu. Vyote viwili ni vizima. Ni mawe yanayolipa deni lao polepole, na kazi hiyo yaweza kuchukua miezi. Mawe makavu yaliyonunuliwa kwa bei nafuu, yaliyotoka katika hodhi la mtu mwingine, hupaswa kushukiwa kabla ya kutiwa.

Kuhusu kupima, vipimo vya nyumbani hufuata kanuni iliyoelezwa na Murphy na Riley mwaka 1962: fosfeti huungana na molibdati katika asidi, kisha vitamini C huigeuza kuwa ya buluu, na kadiri buluu inavyokoza ndivyo fosfeti ilivyo nyingi. Katika 0.03 buluu hiyo ni hafifu mno kwa jicho, na ndiyo sababu chombo kidogo cha umeme kisomacho rangi kina manufaa kuliko karatasi ya kulinganishia. Kichupa na kisuuzwe mara mbili kwa maji ya hodhi, kifutwe alama za vidole kwa kitambaa kikavu, unga ukung'utwe wote usibaki pembeni mwa pakiti, na viputo viachwe vitoke, maana kiputo kimoja kilichoganda kwenye kioo chatosha kuibadili tarakimu. Aidha hakikisha kama chombo chako husoma fosforasi au fosfeti, na kama ni fosforasi, zidisha kwa 3.066. Ukikuta sifuri katika hodhi lililofunikwa na mwani, usifurahi. Fosfeti imo, ila mwani huichukua kabla ya wewe kuipima.

Ikiwa kipimo kimezidi, tiba zifuate daraja zake. Anza na chakula, kisha fyonza taka kwa mpira katika pembe ambako mkondo ni dhaifu, na usafishe kikombe cha chombo cha kuengua povu, ambacho hutoa uchafu kabla haujaoza. Baada ya hapo panda mwani wa nyuzi uitwao Chaetomorpha katika chumba chake chenye taa iwashwayo usiku, na kila unapojaa uvune kiasi, kwani fosfeti haitoki hodhini mpaka mwani wenyewe utolewe. Punje za oksidi ya chuma zije mwisho: zioshwe hata vumbi lao jekundu liishe, na zianzwe kwa robo ya kiasi kilichoandikwa juu ya kopo, kwa sababu matumbawe yaliyozoea 0.3 yakishushwa ghafula hupauka na hata kufa. Kipimo kisishuke kwa zaidi ya theluthi moja kwa juma. Kloridi ya lanthani, itumikayo katika mahodhi makubwa, hugeuza fosfeti kuwa vumbi jeupe ambalo lisipochujwa laweza kuwadhuru samaki. Katika hodhi dogo ni afadhali iachwe.

Ikiwa kipimo ni sifuri na matumbawe yanapauka, toa punje za chuma, ongeza chakula, na uangalie kwa majuma mawili kabla ya kufanya jambo jingine. Maji ya hodhi dogo hubadilika upesi kuliko ya hodhi kubwa, na kila tiba ndani yake huwa na nguvu maradufu. Ndiyo maana mwenye hodhi dogo ahitaji subira kuliko mwenye kubwa.

Matumbawe ya mawe yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, usimamiao biashara ya viumbe walio hatarini, na mwenye kulitia moja ndani ya kioo amejitwika dhamana ya kiumbe ambacho bahari imekilea kwa miaka mingi. Nakusihi basi, msomaji: pima siku ile ile ya kila juma, andika ulichokiona, badili jambo moja kwa wakati mmoja, na usinunue dawa yoyote ya fosfeti kabla hujapima chakula unachokitia kwa mkono wako mwenyewe.