Kwa Nini Filamu Husita Katikati

Aliyewahi kuangalia filamu za deki bandani, iwe kisiwani Songo Songo, Kilwa Masoko au Lindi mjini, anaijua hali hii: picha inakwenda vizuri, halafu katikati ya hadithi inasita, kufumba na kufumbua, kisha inaendelea. Mwenye banda akiona hivyo huitoa sahani, huifuta kwa pindo la shati na kuirudisha. Mara nyingi anaisumbua bure. Sahani haina uchafu. Leza inahama kutoka safu moja kwenda nyingine.

DVD ya safu moja hubeba gigabaiti 4.7. Ya safu mbili hubeba 8.5. Kwa nje hazitofautiani: upana sentimita 12, unene milimita 1.2, kwa sababu kila DVD ni vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa pamoja. Safu zote mbili za data zimejificha kwenye maungio hayo, na nafasi iliyo kati yake haizidi sana unene wa unywele.

Sasa leza inaionaje safu ya nyuma wakati nyingine imekaa mbele yake? Safu ya mbele ina utando mwembamba unaorudisha sehemu ya mwanga na kuiacha sehemu nyingine ipite. Msaka pweza akiinama juu ya maji hukutana na jambo hilohilo: akikaza macho usoni pa maji anaona mbingu na sura yake, akiyatupa chini anauona mwamba. Maji ni yaleyale. Kwenye deki kazi hiyo hufanywa na lenzi, inayosogea kidogo sana na kukaza mwanga kwenye safu inayotakiwa. Filamu husomwa kutoka ndani kwenda nje kwenye safu ya kwanza, kisha kutoka nje kurudi ndani kwenye ya pili. Inapogeuka, ndipo picha husita.

Viwanda vilikuwa vikitoa sahani za namna hii tangu miaka ya 1990. Kuzichoma nyumbani kulichelewa, na kwa sababu ya msingi. Kiwandani alama hupigwa chapa kwenye plastiki, lakini anayechoma nyumbani hutegemea rangi ya kemikali inayobadilika inapounguzwa na leza. Rangi ya safu ya mbele ilitakiwa inyonye mwanga wa kutosha ili iandikike, na papo hapo ipitishe wa kutosha kuandika ile ya nyuma. Matakwa hayo yanavutana.

Fumbo lilifumbuliwa, na mwaka 2004 vichomaji vya safu mbili vikaingia madukani. Mwaka huohuo gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam. Ni sadfa tu, ila inanichekesha, maana kichomaji kilihitaji umeme usiokatika kuliko kitu kingine chochote mezani. Vya mwanzo vilitumia kama robo tatu ya saa kujaza sahani moja. Umeme ukikatika hapo katikati, sahani ni ya kutupa.

Tena sahani tupu za safu mbili zilikuwa ghali, kwa hiyo mitaani safu moja ndiyo iliyotawala. Filamu ya gigabaiti zaidi ya saba ilibanwa mpaka ienee kwenye 4.7, ndiyo maana nakala nyingi za mtaani zilikuwa na picha ya ukungu. Nyingi zilikuwa za wizi pia, ingawa Sheria ya Hakimiliki ilikwishapitishwa tangu 1999. Baadaye flashi ya gigabaiti 8, inayofutwa na kuandikwa upya, ikamaliza ubishi.

Lakini harusi, maulidi na sauti za wazee waliokwisha kutangulia bado zimo kwenye sahani za kuchoma, kabatini. Rangi ile hufifia kwa jua, joto na unyevu, na unyevu ukipenya ukingoni huila metali iliyo ndani. Kisiwani hakikosekani hata kimoja. Kama unazo, tafuta kompyuta yenye kisomaji, uhamishie kwenye flashi mbili: moja ibaki kwako, nyingine mpe ndugu aliye bara. Na usingoje sahani ianze kukwama, kwa kuwa ikishafika hapo sehemu ya data huenda haisomeki tena.