Suswa: Umeme Unaotii Amri

Umeme ambao Kenya inaununua Ethiopia husafiri kilomita 1,045, kutoka Wolayta-Sodo hadi Suswa katika Kaunti ya Narok, kwa msongo wa kilovolti 500. Laini hiyo, iliyoanza kazi Novemba 2022, hupitisha mkondo mnyoofu, ilhali gridi za nchi zote mbili ni za mkondo geu. Sababu inayotajwa kila mara ni umbali, nayo ni sababu ya kweli. Mkondo geu hugeuka huku na huku bila kukoma, na njia inaporefuka, sehemu ya uwezo wa waya hupotelea katika kuuchaji waya wenyewe. Mkondo mnyoofu hauna mzigo huo, tena hutosheka na nyaya mbili badala ya tatu. Lakini vituo vya kubadili mkondo vinavyohitajika kila mwisho wa njia ni ghali mno, kiasi kwamba nafuu ya waya huanza kuifidia gharama yake baada ya kilomita mia sita hadi mia nane hivi. Kwa hesabu hiyo peke yake Suswa ilistahili kujengwa. Naona hata hivyo kwamba hesabu hiyo inalificha jambo kubwa zaidi: kituo cha namna hii hununuliwa kwanza kwa ajili ya utii wake.

Gridi mbili zikiungwa kwa mkondo geu, jenereta zote za pande mbili huwa kama wapiga makasia wa chombo kimoja: lazima zivute kwa pigo moja, na anayeyumba huwayumbisha wote. Kenya na Uganda zimeishi hivyo kwa miongo mingi. Tanzania nayo ikaingia chomboni Desemba 2024, laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida ilipowashwa. Katika muungano wa aina hiyo umeme hupita pale unapopata upinzani mdogo, wala hausomi mkataba. Suswa mambo ni mengine. Mawimbi ya umeme wa Ethiopia hunyooshwa huko Wolayta-Sodo na mitambo ya thairista, kisha hapa hukatwakatwa upya yawe mawimbi yanayofuata pigo la gridi ya Kenya. Mapigo mawili hayakutani kabisa. Mwendeshaji akiagiza megawati 200, hupita megawati 200, na mtikisiko wa masafa upande mmoja hauvuki kwenda wa pili. Ndiyo maana mkataba wa Kenya, wa megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza na 400 baadaye, kwa senti 6.5 za dola kila uniti, unaweza kupimwa na kudaiwa bila ubishi.

Anayedhani natia chumvi na autazame upande wa Ghuba. Saudi Arabia huendesha gridi yake kwa hezi 60, na majirani zake, Oman ikiwemo, kwa hezi 50. Gridi hizo haziwezi kuungwa moja kwa moja hata zikiwa zimepakana. Al-Fadhili, mashariki mwa Saudi Arabia, kulijengwa kituo chenye uwezo wa megawati 1,800 ambamo mkondo hunyooshwa na kurudishwa kuwa geu papo hapo, pasipo hata kilomita moja ya laini ya mkondo mnyoofu. Umbali ni sifuri, na bado kituo kilistahili.

Hapo mpinzani atanikumbusha Septemba 6, 2024. Siku hiyo laini inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilijizima ikiwa na megawati 288, kisha laini ya Ethiopia ikafuata ikiwa na megawati 200. Zaidi ya robo ya umeme uliokuwa ukitumika Kenya ikatoweka, na sehemu kubwa ya nchi ikabaki gizani. Utii ulikuwa wapi? Jibu limo ndani ya thairista yenyewe. Kifaa hiki huweza kuwashwa kwa amri, ila hakizimiki kwa amri; husubiri msongo wa gridi inayopokea ugeuke ndipo kizime. Kwa hiyo kituo cha thairista hukopa pigo kutoka gridi ile ile kinayoilisha, na gridi ikitetereka sana, kituo hukosa pa kushika. Namibia, ambayo gridi yake kaskazini-mashariki ni dhaifu, ilichagua aina nyingine kwa laini yake ya Caprivi ya mwaka 2010, yenye vifaa vinavyozimika kwa amri. Kwa Kenya dawa iliyobaki ni akiba: betri, au jenereta zilizo tayari, zenye uwezo usiopungua ule wa chanzo kikubwa kimoja kinachoweza kupotea. Hiyo ni gharama halali ya kununua umeme kwa jirani, na ilipaswa kuhesabiwa ndani ya bei tangu mwanzo.

Lipo pia lalamiko la wanaoishi chini ya nyaya huko Marsabit na Samburu, ambao laini inawapita bila kuwaachia taa moja. Wana haki ya kulalamika, lakini kosa si la laini: kuchota umeme katikati ya mkondo mnyoofu kunahitaji kituo kingine kizima. Kwao ufumbuzi ni gridi ndogo za jua.

Swali gumu zaidi linakuja kusini. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alitangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini ya nchi yake. Wengi walishangaa, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Kihandisi wazo hilo lina mantiki, maana Rufiji, liliko bwawa hilo, ni mbali na Arusha na upotevu njiani si mdogo, na laini ya Suswa, iliyojengwa kwa megawati 2,000, ina nafasi tele. Lakini utii niliousifu unaishia Suswa. Kutoka hapo hadi Isinya na Namanga mpakani ni mkondo geu mtupu, na umeme utakaowasha taa za Arusha huenda ukawa wa mvuke wa Olkaria, Kenya, huku ule wa Ethiopia ukiishia Nairobi. Mita zitasawazisha hesabu ya fedha. Zisichoweza kuamua ni nani alipie upotevu ndani ya Kenya, na nani apunguziwe kwanza saa mbili usiku matumizi ya Nairobi yanapofika kileleni. Hayo sharti yaandikwe mkatabani kabla ya uniti ya kwanza kuvuka Namanga.