Mpondwe: Daftari la mauzo lapunguza kodi

KASESE. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara wa Kitswamba anayepeleka maharage mpakani Mpondwe, methali hii ina hesabu yake.

Kwa viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza Uganda Julai 2020, mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 50 kwa mwaka bila kupita milioni 80, na asiye na kumbukumbu, hutozwa shilingi 400,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 180,000, pamoja na asilimia 0.6 ya kiasi kinachozidi milioni 50. Aliyeuza milioni 55 atalipa 210,000 tu. Daftari limemwokolea shilingi 190,000.

Ndiyo maana mhasibu huanza kwa kuuliza risiti ziko wapi. Mauzo yote, hata yaliyolipwa kwa faranga za Kongo, yaandikwe siku hiyo hiyo.

Asiyezidisha milioni 10 kwa mwaka hatozwi kodi hiyo. Lakini bila daftari, atathibitishaje? Mwaka wa kodi hufungwa Juni 30, na anayengoja siku hiyo ndipo atafute risiti, amekwisha chelewa.